Nani Atangulie Mlangoni pa Dharura

Katika mambo ambayo watu wetu wamezoea kuyahesabu kuwa ni insafu, ni machache yanayoheshimiwa kama zamu. Kisimani aliyetangulia huteka kwanza. Dukani aliyetangulia hupimiwa kwanza. Kivukoni, posta na mbele ya dirisha la karani, mtu aliyefika alfajiri ana haki juu ya mtu aliyefika adhuhuri, na anayejipenyeza mbele ya wenziwe huonekana amekosa haya, hata akiwa mtu wa cheo. Desturi hii ni njema, kwa kuwa haiulizi ukoo wa mtu wala mali yake, na maskini aliyeamka mapema hupata kwayo haki ambayo tajiri hawezi kumnyang'anya. Lakini liko jengo moja ambamo desturi hii njema, ikifuatwa pasipo kufikiri, huwa dhuluma, nalo ni idara ya dharura ya hospitali. Humo maradhi hayaji kwa foleni, wala mauti hayangoji nambari iitwe. Na mtu aliyefika asubuhi na kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni aweza kungoja mpaka adhuhuri asidhurike, ilhali mtoto aliyeletwa nyuma yake, amelala kimya mgongoni mwa mama yake, huenda hana hata nusu saa ya kungoja.

Kwa sababu hiyo hospitali nyingi za Afrika, kwa muda wa miaka ishirini hivi iliyopita, zimeanza kuiacha foleni ya kale na kuweka mahali pake utaratibu wa kuwapambanua wagonjwa, ambao wauguzi wenyewe huuita triaji. Kila aingiaye hutazamwa na kupimwa mara afikapo, kabla ya daktari na kabla ya cheti, kisha hupewa rangi inayoonyesha kadiri ya hatari aliyo nayo, na rangi hiyo ndiyo inayoamua nani atangulie na nani angoje. Ni badiliko linaloanzia katika kazi ya wauguzi, lakini hufika mbali zaidi, maana linawataka watu waifikirie upya haki waliyoizoea. Na wauguzi peke yao hawawezi kulisimamisha ikiwa wale walioko kwenye benchi wanalidhania kuwa ni upendeleo.

Asili ya utaratibu

Fikira ya kuwapanga wagonjwa kwa hatari zao ilizaliwa vitani. Dominique Jean Larrey, tabibu Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1766 na kufuatana na majeshi ya Napoleon tangu Misri mpaka Urusi, alikuta desturi ya kuwaacha majeruhi uwanjani mpaka mapigano yaishe. Akaunda magari mepesi ya kukokotwa na farasi ili kuwaondoa majeruhi wakati vita vikiendelea, na akashika kanuni kwamba aliyeumia vibaya zaidi ashughulikiwe kwanza, bila kutazama cheo chake wala utukufu wake. Kanuni hiyo ilikuwa ngeni katika zama zile ambazo damu ya mkubwa na damu ya mdogo hazikuhesabiwa kuwa sawa, na mpaka leo ndiyo roho ya jambo lote hili.

Kutoka uwanja wa vita mpaka hospitali za wakati wa amani ilikuwa safari ya zaidi ya karne moja. Kila hospitali kubwa ilikuwa na muuguzi mkongwe ambaye jicho lake lilimtambua mgonjwa mahututi mara tu anapoingia mlangoni. Lakini jicho la mmoja halikuwa sawa na jicho la mwingine, na alipostaafu aliondoka nalo. Katika miaka ya 1990 ndipo nchi kadhaa zilipojaribu kuyatia maarifa hayo katika maandishi. Australia ilitunga kipimo chake cha daraja tano; nchini Uingereza kundi la madaktari na wauguzi wa mji wa Manchester lilikutana mwaka 1994, na utaratibu wao ukachapishwa mwaka 1997; na Kanada ikatoa kipimo chake mwaka 1999. Tangu hapo maarifa yaliyokuwa siri ya uzoefu wa mtu mmoja yakawa karatasi ambayo muuguzi yeyote aliyefundishwa aweza kuifuata, na ambayo mkubwa wake aweza kuikagua kesho yake na kuona kama ilifuatwa.

Kipimo kilichotungwa Afrika

Vipimo hivyo vya ng'ambo vilitungwa kwa hospitali zenye wauguzi wengi waliosomea kazi ya dharura, na hospitali nyingi za Afrika hazina neema hiyo. Huko Cape, Afrika Kusini, idara za dharura zilijaa majeruhi wa visu, risasi na ajali za barabarani, pamoja na wagonjwa wa kifua kikuu na ukimwi waliofika wakiwa wamedhoofika mno, na waliokuwa wakiwapokea walikuwa wachache. Mwaka 2004 wataalamu wa sehemu hiyo waliunda kundi la kutunga kipimo kinacholingana na hali yao, na mwanzoni mwa mwaka 2006 kipimo hicho kikaanza kutumika katika hospitali za serikali za jimbo la Western Cape. Baadaye kilienea nchini humo na kuitwa kwa jina la Afrika Kusini nzima, kikavuka mpaka hadi Botswana, kikafika hospitali ya Komfo Anokye mjini Kumasi, Ghana, na madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières wakakichukua katika hospitali zao za nchi zenye vita na maafa.

Kipimo hiki kina sehemu mbili, na ya kwanza ni hesabu. Muuguzi hutazama mambo saba: namna mgonjwa alivyoingia, kwa miguu yake, kwa kushikwa au kwa machela, idadi ya pumzi zake kwa dakika, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili, hali ya fahamu zake, na kama amejeruhiwa au hakujeruhiwa. Kila jambo hupewa alama kwa kadiri lilivyopotoka kutoka katika hali ya siha, kuanzia 0 mpaka 3, kisha alama zote hujumlishwa. Anayepata 7 au zaidi ni wa rangi nyekundu, naye huingizwa papo hapo. Anayepata 5 au 6 ni wa rangi ya machungwa, naye yapasa aonwe kabla ya dakika 10 kupita. Mwenye 3 au 4 ni wa manjano, aonwe kabla ya dakika 60. Na mwenye pungufu ya hapo ni wa kijani, ambaye aweza kungoja mpaka muda wa saa 4. Rangi ya buluu imewekwa kwa yule aliyefikishwa hospitalini akiwa amekwisha kufa.

Tuchukue mfano wa watu wawili wanaofika pamoja. Wa kwanza ni kijana aliyeanguka na pikipiki akavunjika mkono, na kilio chake kinasikika ukumbi mzima. Anatembea mwenyewe, kwa hiyo hapo hana alama. Anavuta pumzi mara 18 kwa dakika, alama 1. Moyo wake unapiga mara 104, alama 1. Shinikizo, joto na fahamu ni salama. Na kwa kuwa amejeruhiwa anaongezewa alama 1. Jumla yake ni 3, naye ni wa manjano. Wa pili ni mzee anayeingia huku ameshikwa na wanawe, halalamiki ila husema mwili umemchoka. Kwa kushikwa anapewa alama 1. Anavuta pumzi mara 24 kwa dakika, alama 2. Moyo unapiga mara 114, alama 2. Na mengine yote ni salama. Jumla yake ni 5, naye ni wa machungwa. Pasipo hesabu, kilio cha kijana kingemtanguliza, na watu wote ukumbini wangeona ni sawa. Kwa hesabu, mzee ndiye anayetangulia, na daktari anapata wasaa wa kugundua maradhi yaliyojificha nyuma ya uchovu ule kabla hayajamshinda.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na kwa muuguzi wa dharura maneno haya ni kanuni ya kazi, kwa maana mgonjwa anayelia angali na pumzi ya kulilia, na aliyenyamaza huenda ameishiwa nayo. Katika mambo yote saba ya kipimo, hakuna linalosahauliwa kwa wepesi kama kuhesabu pumzi, wala hakuna linalotoa habari ya mapema kama hilo. Halihitaji mashine, lahitaji saa yenye mshale wa sekunde na mtu mwenye subira ya kutazama kifua cha mwenziwe kikipanda na kushuka kwa dakika nzima.

Sehemu ya pili ya kipimo ni orodha ya dalili ambazo hazingoji hesabu, kwa kuwa mgonjwa aweza kuwa na alama chache na bado yumo katika hatari kubwa. Mwenye degedege linaloendelea, au ambaye sukari ya damu yake imeshuka chini ya milimoli 3 kwa lita, au aliyeungua uso na kuvuta moshi, ni nyekundu mara moja. Mwenye maumivu ya kifua, aliyebanwa na pumzi ghafla, anayetapika damu mbichi, aliyekunywa sumu, au mjamzito aliyepigwa tumboni, hawi chini ya machungwa hata akiwa amesimama na kuzungumza. Watoto wamewekewa karatasi zao mbali na za watu wazima, zinazochaguliwa kwa umri au kwa kimo, kwa sababu pumzi 40 kwa dakika ni za kawaida kwa mtoto mchanga na ni balaa kwa mtu mzima. Fauka ya hayo, daktari au muuguzi mkuu ana idhini ya kupandisha au kushusha rangi kwa busara yake, maana karatasi hutungwa na watu, na hakuna karatasi iliyowahi kuona kila ugonjwa.

Yapasa kuongeza neno la hadhari hapa. Rangi hazina maana moja katika vipimo vyote: buluu ambayo kwa kipimo cha Afrika Kusini ni ya maiti, kwa kile cha Manchester ni ya mgonjwa mwepesi kuliko wote, na muda wa kungoja kwa manjano na kijani hutofautiana kutoka kipimo hadi kipimo. Hospitali inayobandika ukutani karatasi ya kipimo kimoja na kutumia fomu za kingine hujitengenezea ghasia, na gharama ya ghasia hiyo hulipwa na mgonjwa.

Watoto wa Blantyre

Ikiwa yupo anayetia shaka kwamba badiliko la utaratibu peke yake laweza kuokoa maisha, na atazame mambo yaliyotendeka Blantyre, Malawi, katika Hospitali ya Queen Elizabeth Central. Huko watoto walikuwa wakingoja katika foleni, na mtoto mahututi aliweza kukaa saa nyingi mikononi mwa mama yake kabla ya mtu yeyote mwenye elimu ya tiba kumtazama usoni. Mwaka 2001 Elizabeth Molyneux, profesa wa maradhi ya watoto, pamoja na wenzake waliubadili mpango huo: kila mtoto akatazamwa mara afikapo, watumishi wakafundishwa tiba ya dharura, na njia ya mgonjwa kutoka mlangoni mpaka wodini ikanyoshwa. Vifo vya watoto waliolazwa, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa kati ya 10 na 18 katika kila watoto 100, vikashuka mara hadi kati ya 6 na 8, vikaendelea kupungua baadaye. Aghalabu mtoto anayefia hospitalini katika nchi maskini hufa ndani ya saa 24 za kwanza, na kwa hiyo dakika zinazookolewa mlangoni ni zile zile ambazo uhai wake ulikuwa ukizitegemea.

Mafunzo yaliyotumika huko yalikuwa yale yaliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani kwa hospitali zenye uwezo mdogo. Mtumishi hufundishwa kutafuta dalili za hatari kwa mpango usiobadilika: je, njia ya hewa imeziba, je, mtoto anapumua kwa taabu, je, mikono yake ni baridi, na damu yachelewa zaidi ya sekunde 3 kurudi kwenye ukucha uliobonyezwa, je, amepoteza fahamu, ana degedege, amekaukiwa maji, macho yamedidimia na ngozi ya tumbo iliyofinywa yarudi polepole? Moja tu ya dalili hizi yatosha kumwita daktari na kuanza tiba hapo hapo. Wasio nazo hutazamwa mara ya pili, na wanaotangulizwa kati yao ni kama watoto wa chini ya miezi 2, waliokonda mno, waliovimba miguu yote miwili, waliopauka, walioungua, na walioletwa na barua kutoka zahanati nyingine. Nchini Kenya mafunzo haya yalipanuliwa na kufundishwa kwa madaktari na wauguzi wengi, na kutoka huko yakaendelea hadi Rwanda.

Tanzania nayo ilikuwa na hatua yake. Hospitali ya Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ilikaa zaidi ya miaka 50 bila ya idara kamili ya dharura, mpaka Januari 2010 ilipofunguliwa idara hiyo, ya kwanza ya namna yake nchini, kwa ushirikiano wa serikali na mfuko wa Abbott. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza kuwafundisha madaktari bingwa wa tiba ya dharura, na wa kwanza wao wakahitimu mwaka 2013. Katika nchi ambayo kazi ya mlangoni ilikuwa ikiachiwa daktari kijana kuliko wote, kuifanya kuwa fani ya mabingwa ni ushuhuda kwamba mlango umekwisha kutambuliwa kuwa ni sehemu ya tiba.

Kuuingiza utaratibu mpya

Kutunga kipimo ni kazi ya wajuzi; kukiingiza katika hospitali iliyozoea foleni ni kazi ya kila mtu, nayo ndiyo ngumu zaidi. Jambo la kwanza ni mahali. Katika hospitali nyingi mtu wa kwanza kumwona mgonjwa ni bawabu wa lango, wa pili ni karani wa kuandikisha, wa tatu ni mpokea fedha, na muuguzi huja baada ya wote hao. Hivyo bawabu anayeamua gari lipi lipite na lipi lingoje huwa ndiye mpambanuzi wa wagonjwa, ijapokuwa hakuna aliyemfundisha kazi hiyo wala aliyemkabidhi dhamana yake. Meza ya muuguzi ikihamishiwa mlangoni, mbele ya karani, nusu ya safari imekwisha. Nusu iliyobaki ni kumfundisha bawabu, karani na mchukuzi wa machela dalili chache za kupiga yowe: asiyeamka, asiyepumua vema, anayevuja damu, mwenye degedege, mjamzito anayetokwa na damu. Mafunzo hayo hayahitaji siku nyingi, na mara nyingi huwapa watu hawa heshima ambayo hawakuwa nayo kabla.

Jambo la pili ni watu na saa zao. Upambanuzi unaofanywa mchana na kuachwa usiku ni sawa na mlango unaofungwa mchana na kuachwa wazi usiku. Muuguzi wa meza hiyo hapasi kuwa yule mgeni aliyeajiriwa jana, wala yule aliyepelekwa kwa adhabu, bali mtu aliyeiva kazini anayeweza kumkatalia mkubwa kwa adabu. Na yapasa abadilishwe kabla hajachoka, kwa kuwa jicho lililochoka huona watu wote kuwa sawa. Vyombo vyake ni vichache na bei yake si kubwa: saa, kipimajoto, kipimo cha shinikizo, kipimo cha sukari, na fomu ya ukurasa mmoja. Kwa vituo vidogo ambavyo hata hayo ni mengi, Shirika la Afya Duniani, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Médecins Sans Frontières walitoa mwaka 2020 kipimo chepesi cha rangi tatu tu, nyekundu, manjano na kijani.

Jambo la tatu, ambalo wasimamizi wengi hulisahau, ni kile kinachofuata baada ya rangi. Mgonjwa akiitwa mwekundu, kisha akasukumwa katika chumba kisicho na oksijeni wala mtu, rangi ile haikumfaa kitu ila kumwandikia hukumu. Kadhalika wale wa kijani, ambao aghalabu ndio wengi, wasipotengewa chumba na mtabibu wao, watapitwa na kila anayeingia kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hasira yao itauvunja utaratibu ndani ya juma moja. Kuwapambanua watu si kuwafukuza. Aliye wa kijani ana haki ya tiba kama mwekundu. Ila wakati wake ni mwingine.

Jambo la nne ni kupima tena. Rangi ni habari ya saa ile, nayo huchakaa. Mgonjwa wa manjano aliyekaa saa moja na nusu huenda sasa ni mwekundu, na hospitali isiyo na mtu wa kupita kwenye mabenchi na kuhesabu pumzi upya itamkuta ameanguka. Makosa ya kupambanua ni ya namna mbili: kumpandisha asiyestahili, ambako kunapoteza nafasi, na kumshusha aliyestahili, ambako kunapoteza uhai. Makosa haya mawili hayana uzito mmoja, na kwa hiyo wajuzi wa majeraha huvumilia wengi wapandishwe bure kuliko kuruhusu zaidi ya 5 katika kila mahututi 100 washushwe kwa taksiri. Hospitali iliyo makini hukusanya fomu zake mara kwa mara, huzisoma upya, na kuyatafuta makosa ya namna ya pili kwa bidii kama ile ambayo mhasibu huitumia kutafuta shilingi iliyopotea.

Upinzani nao haukosekani. Wako madaktari wanaoona kwamba karatasi inawanyima uhuru wao, na wako wauguzi wanaoiona kuwa ni mzigo juu ya mizigo. Wote hao hutulizwa na matokeo kuliko hotuba. Upinzani mzito zaidi hutoka nje: ni ule wa mtu mwenye jina, anayefika na jamaa yake mwenye homa nyepesi na kumtafuta mganga mkuu kwa simu. Hapo ndipo utaratibu hupimwa kwa kweli. Ikiwa simu hiyo itamtanguliza mbele ya mzee aliyebanwa na pumzi, watumishi wote watakuwa wamefunzwa kwa siku moja kwamba rangi ni za maskini tu, na hakuna semina itakayoweza kulifuta somo hilo. Mganga mkuu anayejibu kwa upole kwamba jamaa yako ni wa kijani, na atahudumiwa kwa rangi yake, amefanya kazi kubwa kuliko aliyenunua mashine.

Fedha ni mtihani wa mwisho. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 43, imesema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini ahadi ya katiba huishia dirishani ikiwa amana hudaiwa kabla ya pumzi kuhesabiwa. Palipo na upambanuzi wa kweli, mwekundu hutibiwa kwanza na hesabu ya fedha hufuata, na hospitali lazima iwe na mpango wa kulibeba deni hilo bila ya kumtwisha muuguzi lawama.

Siku ya maafa

Hesabu hizi zote ni za siku za kawaida. Yako maafa ambayo huleta mamia ya watu kwa saa moja, kama yale ya tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuliwa katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakaua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu, wengi wao mjini Nairobi. Katika siku kama hiyo wanaoweza kutembea ndio wanaofika kwanza na kuijaza hospitali, na walio mahututi hufuata nyuma, wamechukuliwa na wengine. Kwa hiyo hospitali isiyopambanua hujikuta imeitumia nguvu yake yote kwa walioumia kidogo. Kanuni nayo hugeuka, kwa kuwa nguvu haitoshi kwa wote, na matabibu hulazimika kuwatanguliza wale ambao tiba ya haraka yaweza kuwaokoa. Ni hukumu nzito isiyotakiwa kufanywa na mtu asiyeizoea, na hospitali inayopambanua kila siku ndiyo pekee itakayokuwa na mkono mwepesi siku hiyo.

Wajibu wa anayengoja

Si haki kuudai utaratibu huu zaidi ya uwezo wake. Hauongezi vitanda, hauzalishi madaktari, wala haujazi kabati la dawa. Hospitali iliyopungukiwa na watu itabaki imepungukiwa, na wa kijani ataendelea kuchoka kwenye benchi. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba uchache uliopo unaelekezwa kwanza penye hatari, na hili pekee, kama lilivyoonekana Blantyre, latosha kupunguza makaburi.

Basi msomaji anayekwenda hospitalini ana sehemu yake. Afikapo, amweleze muuguzi kweli tupu: ugonjwa ulianza lini, dawa zilizotumiwa zikiwa pamoja na za mitishamba, ujauzito, kisukari, sumu kama ilinywewa. Kutia chumvi ili kupata rangi ya juu ni kumwibia mwingine dakika zake, na kuficha ni kujiibia mwenyewe. Aulize rangi yake na muda wake wa kungoja, maana ni haki yake kuelezwa. Hali ikibadilika, pumzi zikibana, mgonjwa akianza kuweweseka au akinyamaza kupita kiasi, asione haya kuinuka na kusema apimwe tena. Na akimwona aliyekuja baada yake akiingizwa kabla yake, asigombe wala asimtukane muuguzi. Atazame kwanza ni nani aliyeingizwa na kwa hali gani, na akumbuke kwamba kanuni iliyompita yeye leo ndiyo itakayomtanguliza mtoto wake siku atakapoletwa hana fahamu na hawezi kujisemea.